Kilatini cha Shika Adabu

Kilatini kiliingia mtaa wa Shika Adabu, Likoni, asubuhi ya Jumatatu, wakati wa gwaride, baada ya wimbo wa taifa na kabla ya tangazo la vyoo. Mkurugenzi wa Akademi ya Kilele, Bwana Phineas, alikuwa ametoka Nairobi kwenye kongamano la wenye shule za kibinafsi, na huko alisikia kwamba shule za watoto wa wakubwa zinafundisha Kilatini. Hakuuliza kinafundishwa vipi wala na nani. Alichojua ni kwamba shule mpya ng'ambo ya barabara ina basi la manjano na bwawa la kuogelea, yeye hana basi wala bwawa, na wazazi wameanza kuhamisha watoto. Kilatini hakichimbwi wala hakitiwi mafuta. Kabla hata ya Jumatatu hiyo alikuwa ameshamwita mchoraji, na kwenye ukuta wa lango, chini ya neno "Kompyuta", pakaandikwa kwa rangi nyekundu: KILATINI.

Mwalimu wa kukifundisha hakuwepo. Likoni nzima usingempata, na kama angepatikana, Bwana Phineas asingemwajiri kwa mshahara anaotoa. Basi akamwita ofisini Mwanasaumu, mwalimu wake wa Kiswahili na Dini.

"Mwalimu, wewe unajua Kiarabu?"

"Nimesoma chuoni, Bwana Mkurugenzi. Cha madrasa, cha kusomea Kurani, na nahau yake, yaani sarufi, kidogo."

"Hiyo inatosha kabisa. Kiarabu ni lugha ya zamani, na hii nayo ni ya zamani. Zinakaribiana."

"Wallahi hazikaribiani."

"Ukianza zitakaribiana." Akamsukumia kijitabu alichopakua mtandaoni na kukichapisha, kurasa zingine zikiwa zimetoka nusunusu. "Unajua muhula huu tunapunguza walimu. Mimi sitaki kutaja jina lako. Na Sabah wako anaendelea poa, sivyo? Si yuko Gredi ya Tisa?"

Hapo alimshika pabaya, naye alijua. Mtoto wa mwalimu husoma bure pale Kilele. Siku Mwanasaumu atakapoacha kuwa mwalimu, Sabah ataacha kuwa mwanafunzi, na mtihani wa Gredi ya Tisa uko karibu. Mumewe, Matano, ni fundi wa kushona viti vya magari, na siku hizi watu wa Likoni wanakalia viti vilivyoraruka bila ya kuona haya. Nyumba ilikuwa inakula kwa chaki. Mwanasaumu akachukua kile kijitabu kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kupokea kitu cha mkubwa, akasema ahsante.

Na jambo ambalo hakulitazamia ni kwamba alikipenda. Alisikiliza kwenye simu sauti ya mzee mmoja wa Ulaya, anayetamka kila neno peke yake kana kwamba ana mafua, akawa anamfuata huku anaosha vyombo. Alipogundua kwamba neno la Kilatini hubadilisha mwisho wake kulingana na kazi yake, alicheka peke yake jikoni. Haya si ndiyo yale ya chuoni, marfuu na mansubu? Msichana anachukua maji: msichana, mtenda, ni marfuu; maji, yanayotendwa, ni mansubu. *Puella aquam portat.* Akaingia nayo darasani, na watoto waliosoma chuoni wakaielewa siku ileile, wakawaeleza wenzao wa kanisani wakati wa mapumziko. Ilikuwa raha ambayo hakuwahi kuipata miaka yote ya kufundisha ngeli za majina. Najua wapo watakaosema alistahili yaliyomfika kwa kukubali kufundisha asichokijua. Nami nawauliza, wao wangekataa?

Bwana Phineas naye alipoona mambo yamekwenda, akatangaza kwamba Siku ya Wazazi Gredi ya Saba wataghani Kilatini mbele ya wageni, kwa pamoja, kwenye spika.

*

Sabah alikuwa kwenye mbuzi, anakuna nazi ya wali wa mchana. Mama yake alikuwa anachambua mchele, midomo inamcheza kwa Kilatini.

"Sabah."

"Abee."

"Hebu nisikilize kama zinakwenda vizuri. *Puella aquam portat. Nauta insulam amat. Puella cum amico ambulat.* Ya pili, baharia anapenda kisiwa; ya tatu, msichana anatembea pamoja na rafiki. Hiyo ya tatu wataikariri mara tatu, iwe kama kiitikio."

Nazi ilisimama, kisha ikaendelea.

"Mama, hiyo ya tatu ibadilishe."

"Ina nini?"

"Ibadilishe tu. Weka nyengine."

"Ndiyo nyepesi kuliko zote, mwanangu. Watoto wanaipenda."

"Najua wanaipenda," alisema Sabah, macho yako kwenye kifuu.

"Ina kosa la sarufi?"

"Haina."

"Basi?"

"Basi hapana neno."

Neno lilikuwepo. Wavulana wa nyuma katika Gredi ya Saba walikuwa wamegundua tusi ndani ya sentensi ile. Ukiitamka polepole kama mzee wa mafua, haina ubaya. Ukiiharakisha, yale maneno mawili ya katikati yanashikana, na linalotoka mdomoni ni tusi kubwa kuliko yote, lile la nguoni, ambalo watu wakitukaniwa nalo mama zao hupigana ngumi. Shule nzima ya watoto ilishajua. Walimu hawakujua, maana nani angewaambia? Na Sabah, aliyelelewa na Mwanasaumu mwenyewe, aliyefinywa paja siku moja kwa kusema "matako" mbele ya bibi yake, angeliwekaje neno lile mbele ya mama yake, hata kwa kumwokoa? Alikuna nazi mpaka mbuzi akagonga kifuu, machicha yakatoka na unga wa kahawia. Mama yake akamkemea kwa kuharibu nazi ya watu.

*

Siku ya Wazazi palipigwa turubai uwanjani, viti vya plastiki vikapangwa, na spika ya kukodi ikaelekezwa barabarani ili hata ng'ambo, kwenye shule ya bwawa, wasikie. Mama mkwe wa Mwanasaumu, Bi Kadzo, alikuja na doti mpya ya leso akakaa mstari wa mbele. Alikuwa amewaambia majirani wote kwamba mkaza mwanawe anafundisha lugha ya Warumi.

Mwanasaumu alisimama mbele ya watoto wake, akipiga kofi moja dogo baada ya kila neno ili yatengane. Sentensi ya kwanza ikapita, watu wakapiga makofi bila ya kuelewa hata herufi. Ya pili ikapita. Walipofika ya tatu, Bwana Phineas, aliyekuwa kando ya spika, aliona wazazi wanajipepea kwa karatasi za ratiba na wengine wanachungulia sufuria za pilau. Akapunga mkono juu ya kichwa cha mwalimu.

"Harakisheni! Watu wanasinzia!"

Mtoto wa shule anamsikiliza nani, mwalimu au mwenye shule? Wakaharakisha. Sasa wewe unayesoma, kumbuka jambo ambalo Mwanasaumu mwenyewe alilifundisha kila mwaka ubaoni: silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu. Ulimi wa Pwani ukikuta neno limefungwa kwa *m*, unaazima irabu ya neno linalofuata ili ulifungue. *Cum amico.* Herufi ya kwanza Warumi waliitamka *k*. Jaribu mwenyewe, haraka, lakini tazama kwanza nani yuko karibu.

Watoto hamsini walilisema kwa pamoja, kwenye spika, mara tatu.

Mara ya kwanza watu walidhani wamesikia vibaya. Mara ya pili mzazi mmoja, Bi Nadira wa duka la vitambaa, akasimama na kupiga kelele, "Astaghfirullahi! Zimeni hiyo spika!" Watoto wakadhani wanashangiliwa, wakaipaza ya tatu. Mwanasaumu alilisikia sawasawa wakati huo, akalisikia kwa sikio la Kiswahili kwa mara ya kwanza, na mikono yake ikabaki hewani ikiwa haijagongana. Alimtafuta Bi Kadzo kwa macho. Bi Kadzo alikuwa ameivuta ile leso mpya akajifunika uso mzima.

*

Aliaibika, na aibu yenyewe ilimfuata mpaka nyumbani. Dukani wanawake walinyamaza alipoingia wakaanza tena alipotoka. Bi Kadzo hakumgombeza. Alihamisha tu mkeka wake kutoka uani hadi barazani, na chakula akawa anamtuma Sabah amletee. Watoto wa mtaani, kwa kuwa nao walilelewa vyema, walimwita kwa ile nusu iliyo salama. "Amiko! Amiko!" walisema nyuma ya ukuta, kisha mbio.

Siku ya tatu akaitwa ofisini, yeye na mumewe. "Tumeona ni vizuri mume awepo," alisema Bwana Phineas, kana kwamba anafanya hisani. Mwenyekiti wa wazazi, Bwana Najib, alikuwepo pia, mtu mpole anayeuza vipuri vya magari, na ambaye Matano humtegemea kwa kazi na kwa urafiki.

"Bi Mwanasaumu," alianza Najib, "sisi tunakujua na wazazi wako tunawajua. Lakini watu wamesikia. Wazazi wanataka kuchukua watoto. Hapa ni Shika Adabu, si mahali pengine."

"Ni maneno mawili, Bwana Najib. La kwanza maana yake 'pamoja na'. La pili maana yake 'rafiki'. Hamna tusi ndani yake. Yameandikwa kitabuni, na kitabu nilipewa hapa hapa."

"Hakuna mtu alikusanya wazazi wasome kitabu," alisema Bwana Phineas. "Walikuja kusikia. Sasa wewe fanya hivi. Tamka hiyo kitu vile watoto walitamka. Kama ni Kilatini, tutasikia ni Kilatini. Nitasimama mbele ya wazazi niwaambie walisikia vibaya."

Mwanasaumu alitazama ile nafasi aliyopewa. Maneno mawili tu, na mwanawe atabaki darasani. Akafungua kinywa. Akamwona Matano anatazama magoti yake, masikio yamemwiva, na Najib ameinamia funguo zake za gari anazihesabu kama tasbihi.

"*Cum*," alisema, akanyamaza, akavuta pumzi. "*Amico*."

"Sio hivyo. Haraka."

"Bwana Mkurugenzi, yanatakiwa kutamkwa mbalimbali."

"Watoto hawakutamka mbalimbali. Sema haraka, tumalize."

Machozi yalikuwa yameshafika, akayazuia. "Siwezi."

"Umeona, Bwana Najib? Mwalimu mwenyewe anashindwa kutamka. Kama si tusi, anashindwa nini?"

Matano akainua kichwa. "Na wewe hujalitamka, Mkurugenzi. Tangu tuingie unaliita 'hiyo kitu'."

"Mimi si mwalimu wa Kilatini."

"Hata yeye si mwalimu wa Kilatini!"

Mwanasaumu akamgusa mumewe mkono atulie, na kwa kuwa alishaona pa kwenda hapapo, akasema lile ambalo alikuwa amelimeza siku zote tatu. "Mimi nilikuwa nawapigia makofi waseme polepole. Aliyewaharakisha ni wewe. Ulipunga mkono, watu wote walikuona."

Najib akayatazama macho ya Bwana Phineas, akaona hasira iliyomo, akarudi kwenye funguo zake. Unga ukamwagika hapo. Mwanasaumu aliambiwa apumzike hadi atakapoitwa, na kila mfanyakazi wa shule ya kibinafsi anajua kwamba haitwi mtu. Kuhusu Sabah, alisema Bwana Phineas, shule haina ubaya na mtoto. Jina lake limesajiliwa hapa, atakuja kufanya mtihani. Masomoni hataingia mpaka karo ilipwe, ya muhula mzima, kama ya watoto wengine.

Walitembea nyumbani kwa njia ya nyuma, kupitia mashamba ya minazi iliyobakia, ili wasikutane na watu.

"Ungelisema tu," alisema Matano.

"Mbele yako?"

"Mbele yangu."

"Mbele ya Najib? Ukamwona kesho dukani kwake, na kesho kutwa, kila akikutazama analisikia kwa sauti ya mkeo?"

Walipofika kwenye kona ya nyumba yao Matano akasema, kwa sauti ya chini, "Nilikuwa naomba ulitamke. Na nilikuwa naomba usilitamke. Wallahi sijui nilikuwa naomba lipi zaidi."

*

Sabah alipoambiwa hakulia. Alikunja sare yake akaiweka juu ya kabati, akajifunga leso, akaanza kufagia ua uliokwisha fagiwa. Mama yake akamfuata.

"Ulikuwa unajua."

"Abee, mama."

"Ulipokuwa unakuna nazi. Ulikuwa unajua."

"Nilikwambia uibadilishe."

"Hukuniambia kwa nini!" Alipiga ukelele kiasi kwamba Bi Kadzo akasikika akijikohoza barazani. "Ungeniambia, Sabah! Ungeniambia leo ungekuwa darasani!"

"Ningelisemaje, mama?" Sasa alikuwa analia, ufagio mkononi. "Niambie wewe. Ningesimama hapa, nikutazame, niseme nini?"

Mwanasaumu alitafuta jibu. Alilitafuta kwa haki kabisa, maana alikuwa na hasira na alitaka kushinda. Akajiona yeye mwenyewe ofisini, kinywa wazi. Akamnyang'anya mtoto ufagio, akamkumbatia, wakalia wote wawili katikati ya ua bila ya kujali nani anasikia.

Siku zikapita. Matano alikwenda kwa huyu na yule kuhusu karo, akarudi na pole nyingi. Asubuhi Sabah alikaa uani na vitabu vyake, akasoma peke yake mpaka mahali alipokwama, na kengele ya Kilele ilipolia alifunga kitabu kana kwamba somo lake nalo limekwisha. Mwanasaumu alikuwa akiiona ile hesabu ya siku za kuelekea mtihani ikipungua, na hakuna alichokuwa nacho mkononi cha kuisimamisha.

*

"Hodi hapa."

Mlangoni alisimama kijana mrefu wa bara, shati lake limechomekewa, kile kijitabu cha kurasa nusunusu kimo kwapani. Alimwamkia Bi Kadzo barazani kwa heshima, akamgeukia Mwanasaumu.

"Naitwa Oduor, mwalimu. Nilikuwa nafundisha Mikindani, nimeanza Kilele juzi. Samahani kuja bila taarifa. Nimepewa Kilatini."

"Umekisoma?"

"Hata kidogo. Nilitumikia altare nikiwa mtoto, misa yenyewe ilikuwa ya Kijaluo. Mkurugenzi amesema Kilatini ni mambo ya Wakatoliki, itanijia yenyewe." Alicheka, lakini jasho lilikuwa limemtoka. "Sikutaka kukataa. Mke wangu amejifungua majuzi."

Mwanasaumu akamkaribisha kiti. Akamweleza, maana mtu akija nyumbani kwako kuomba elimu humnyimi, namna maneno yanavyobadilisha miisho. Sabah, aliyekuwa pembeni na kitabu chake cha Hisabati, aliacha kuandika akasikiliza.

"Wiki ijayo kuna wageni wa elimu kutoka kaunti," alisema Oduor. "Watoto wataghani. Muda wa kutunga nyingine sina, nitatumia zilezile zako, wanazijua kwa moyo. Ile ya tatu ndiyo wanaiimba hata bila kuambiwa, mbele yangu polepole, kisha wanacheka. Watoto wachangamfu sana hao."

Mwanasaumu akakifunga kile kijitabu. "Hukuambiwa kwa nini mimi nimeondoka?"

"Niliuliza kila mtu. Wananiambia ulikuwa na udhuru, halafu wanatazama kando."

"Mwalimu Oduor. Ile ya tatu, ibadilishe."

"Ina nini?"

Bi Kadzo alikuwa ameacha kusuka ukili wake wa mkeka. Sabah alikuwa ameinua kichwa, anamtazama mama yake usoni bila ya kupepesa.

"Ibadilishe tu," alisema Mwanasaumu.

"Lakini ndiyo rahisi kuliko zote." Oduor alisubiri aongezewe, na alipoona haongezewi, akasimama, akashukuru mara mbili, akasema Mungu atamlipa. Alikwisha fika barabarani Mwanasaumu alipotoka mbio hadi mlangoni, mtandio umemwanguka mabegani.

"Mwalimu!"

Oduor akageuka, uso umemchangamka, tayari kusikia. Kinywa cha Mwanasaumu kilikuwa wazi. Alikuwa kijana mgeni, mume wa mtu, anayemtazama kwa adabu.

"Msalimie mkeo," alisema.